UZI: "Chanya" kwenye ripoti ya uvimbe wa misuli laini si kansa, someni kabla hamjalia

Bi_Slaidi:
Asalam aleykum, na wengine habari zenu jamani. Mimi niko maabara ya histolojia hapa Mombasa, huu mwaka wa 14. Kazi yangu ni kukata nyama na kupaka rangi slaidi, kusoma ni kwa daktari wa patholojia, nalisema mapema watu wasije wakaniona najitia udaktari.

Naandika kwa sababu ya jambo la Jumanne. Mama mmoja katoka Mtwapa kwa matatu, kafika dirishani ameishika ripoti mpaka imelowa jasho. Kaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimebakisha muda gani?" Nikaichukua nikaisoma. Ni fibroidi za kizazi alizotolewa. Daktari kaandika leiomayoma, chini yake SMA chanya, desmini chanya, h-kaldesmoni chanya. Ripoti zenyewe ni za Kizungu, kijana wake wa sekondari ndiye aliyemsomea, na neno chanya walilizoea kwa vipimo vya ukimwi na korona. Sasa wameziona chanya tatu. Siku nne yule mama hajalala, ashaanza kugawa vyombo vyake.

Na ripoti yake ilikuwa ya heri kabisa wallahi. Leiomayoma ni uvimbe usio kansa, ndio jina la kitabuni la fibroidi. Nlimkalisha ndani nikamueleza nusu saa, na ndo nimeona nieleze na huku, manake si yeye wa kwanza.

Hivi ndivyo ilivyo. Kila aina ya seli ina protini zake za kazi. Seli ya misuli laini, ile misuli ya kizazi, ya utumbo, ya kuta za mishipa ya damu, ile isiyongoja wewe uiamrishe, ina aktini yake, ndo SMA hiyo, ina desmini inayoishikilia seli isikae ovyo wakati yajikaza, ina kaldesmoni nzito inayodhibiti ule mkazo. Hivyo ni vifaa vya kazi. Ukimuona mtu ana nyavu na ndoana wajua huyu mvuvi, lakini kama ni mtu mwema au jambazi nyavu hazitakwambia. Chanya hizo tatu pamoja zasema huyu ni mvuvi, basi. Uvimbe umetoka kwenye misuli laini.

Swali la kansa lajibiwa kwengine, ntalifikia.

KijanaLikoni:
Dada Bi Slaidi ahsante sana, mamangu ana ripoti ka hiyo tangu Aprili na nyumba nzima twaogopa kuitaja. Sasa kama chanya haisemi kansa, kwa nini wapime? Si walipishe watu pesa bure?

Bi_Slaidi:
Swali zuri ndugu yangu. Fibroidi ya kawaida kwa kweli haihitaji, daktari akiitizama kwa H&E, ile rangi ya zambarau na waridi, ashaijua. Na fibroidi ni nyingi mno, Marekani walipochunguza wanawake, majibu yakatoka 2003, kufikia miaka 50 zaidi ya 80 kati ya kila 100 ya wanawake weusi walikuwa nazo au washawahi kuwa nazo, wengi hata hawana habari.

Tatizo ni kwamba kuna uvimbe wa aina nyingi ambao seli zake ni ndefu nyembamba, zimelala pamoja kama ukili uliosukwa. Misuli laini hivyo, neva hivyo, tishu za kovu hivyo. Jicho lililozoea laona tofauti, kiini cha seli ya misuli laini ni kama sigara, ncha mbili butu, cha neva chapindapinda kama nyoka. Lakini uvimbe ukiwa mkorofi seli zapoteza sura, na bayopsi yenyewe ni kijinyama ka ujiti wa kiberiti. Hapo ndo twaita kingamwili, kitu kinachoshika protini moja maalum tu.

Nikueleze kwa mkono wangu. Nakata nta yenye nyama ndani, unene wa maikroni 3 au 4, ukipumua vibaya yaruka. Naielekeza kwa burashi kwenye maji ya vuguvugu, yajikunjua, naiopoa na kioo. Kisha naichemsha ndani ya bafa, maji yanayotuliza asidi, manake fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama, hufunga protini kama kamba na joto ndo lazifungua tena, mbinu hiyo ilitangazwa 1991 na ilibadilisha kazi yetu yote. Namwagia kingamwili ya desmini, tuseme. Kama desmini ipo, yaishika. Halafu naweka kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, naweka DAB, kemikali ya kutoa rangi, na nangoja. Dakika chache tu. Pale penye protini pageuka kahawia mbele ya macho yako, kama chai ikikolea majani, na pasipo na kitu pabaki buluu tu ya hematoksilini. Miaka 14 na bado moyo wangu wadunda nikiona ile kahawia yatoka.

Mzee_Tudor:
Mwanangu umeeleza vizuri. Mimi nimestaafu, nlifanya maabara tangu enzi hizo vipimo hivi hatuna hapa Pwani, wala hatukuviota. Niongeze kitu watu wa hapa watakipenda. Desmini na kaldesmoni mnazozisoma kwenye ripoti za kina mama, na protini nyingine ya misuli laini iitwayo kaliponini, zote tatu zilipatikana kwanza kwenye firigisi ya kuku. Firigisi hii hii mwaila. Desmini ilipewa jina 1976 na Lazarides na Hubbard, kaldesmoni akaitoa Sobue na wenzake Japani 1981, kaliponini Takahashi na wenzake 1986. Kwa nini firigisi? Kwa sababu ni bonge la misuli laini tupu, huhitaji kuchambua. Mkeo akipasua kuku Ijumaa muombe uishike, ule ugumu wake, ile rangi nyekundu iliyokoza, ule mkazo. Fibroidi ukiikata kwa kisu yafanana nao kwa ugumu, ila yenyewe nyeupe na ina mizunguko ndani kama uzi uliokunjwa.

Bi_Slaidi:
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya firigisi nimeipenda, yule mama wa Mtwapa angeielewa hapo hapo.

Intern_Pwani:
Samahani wakubwa, mimi niko intanshipu. Nlifundishwa kwamba SMA ni ya kila mtu lakini h-kaldesmoni ndo ya misuli laini kikweli. Kwa hiyo uvimbe wa tumboni ukiwa na h-kaldesmoni chanya na SMA chanya naweza kusema leiomayosakoma, yaani kansa ya misuli laini, moja kwa moja?

Bi_Slaidi:
Hapana daktari. Hapana kabisa. Na hili nakujibu kwa uchungu, soma mpaka mwisho.

Halati yangu, mdogo wake mamangu, alitolewa uvimbe wa tumbo la chakula. Hospitali moja, siitaji, ikaandika leiomayosakoma kwa H&E peke yake, hakuna kingamwili hata moja. Mwaka na nusu baadaye ini limejaa vinundu. Wakamwambia kansa hii ya misuli haisikii dawa kwa hivyo mrudisheni nyumbani mumstareheshe. Nlikuwa na miaka mitatu tu kazini, namkanda miguu usiku huko Majengo, na yeye ndo aliyenilipia chuo, kwa kuuza viazi karai na mahamri.

Mzee mmoja wa maabara akanambia, "Bloku iko wapi?" Bloku, kile kipande cha nta chenye nyama ndani. Sikuwa nimefikiria. Nikaenda ile hospitali mara tatu, mara ya tatu mlinzi kanionea huruma kanifungulia stoo, nikaipata ndani ya katoni ya sabuni, nambari imefifia nusu. Ikafungwa na pamba ndani ya kopo la unga wa maziwa ikapanda basi la usiku kwenda Nairobi, manake CD117 hatukuwa nayo.

Majibu: CD117 chanya, kahawia kila seli, imekoza kama kahawa chungu. DOG1 chanya. SMA madoa madoa. h-kaldesmoni chanya. Desmini hakuna.

Hiyo ni GIST, uvimbe wa ukuta wa tumbo na utumbo, na CD117 na DOG1 ndo alama zake. Si misuli laini. Yatokana na ukoo wa seli za Kahali, zile zinazoupa utumbo mwendo wake. Na GIST nyingi zina h-kaldesmoni, na kama theluthi hivi zina SMA, desmini ni nadra. Kwa hiyo daktari, hizo mbili ulizozitaja zingekupeleka kule kule walikompeleka halati yangu. Tumboni na utumboni usitie saini bila CD117 na DOG1, nakuomba.

Ndivyo ilivyokuwa dunia nzima zamani, usidhani ni huku tu. Mazur na Clark walianza kutilia shaka 1983, wakiona hizi zinazoitwa misuli laini za tumbo hazina sura kamili ya misuli. Hirota na wenzake Japani wakaonyesha 1998 kwamba kosa liko kwenye jeni ya KIT, ile inayotengeneza hiyo CD117. Kufikia 2002 dawa ya imatinibu ikaidhinishwa Marekani kwa GIST. Ugonjwa uliokuwa hausikii kemotherapi ukawa watibika kwa kidonge cha kumeza, kwa sababu umejulikana ni mtoto wa nani.

Halati alianza miligramu 400 kila siku. Uso ukavimba kidogo, macho hasa, lakini miezi mitatu akarudi kwenye karai lake. Aliishi miaka sita, akamuoza binti yake, akahiji. Allah amrehemu.

KijanaLikoni:
Amin. Dada umeniliza.

Ummu_Salim:
Allah amrehemu halati yako. Pole sana mpenzi.

Intern_Pwani:
Amin. Nimenukuu. Sitasahau.

Mzee_Tudor:
Mwanangu intern, nikuongeze mawili usije ukaadhirika mbele ya maprofesa. La kwanza, SMA kwenye seli za kovu, maiofaibroblasti. Nazo zina SMA lakini itizame kwa karibu, kahawia yafuata kingo mbili za seli na katikati pamebaki peupe, kama reli mbili za treni. Seli ya misuli laini ya kweli imejaa mwili mzima. Na maiofaibroblasti kwa kawaida haina h-kaldesmoni. Vijana huletwa na kivimbe cha mkononi kilichokua wiki tatu, kina SMA, mtu akakimbilia sakoma, kumbe ni fashaitisi, uvimbe usio kansa utakaokwisha wenyewe.

La pili, desmini iko pia kwenye misuli ya mifupa. Mtoto ana uvimbe, desmini chanya, usitaje misuli laini kabla hujaona majini na MyoD1, protini za misuli ya mifupa. Namaanisha mayojenini, vidole vyangu vizee. Hizo zikiwaka ndani ya kiini ni rabdomayosakoma, kansa ya misuli ya mifupa, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Na kwenye kizazi, tishu za utando wa ndani nazo huzaa uvimbe wa seli ndogo ndogo zilizobanana, zafanana na fibroidi yenye seli nyingi. Hapo huwekwa CD10, alama ya tishu hizo, upande mmoja, desmini na h-kaldesmoni upande wa pili, usomwe mzani wote. CD10 peke yake yadanganya, fibroidi nyingine inayo.

Bi_Slaidi:
Haya sasa nije kwa lile la kansa nlilolisema juu. Kansa ya misuli laini ipo, leiomayosakoma, ni nadra ila kali. Na nayo ni SMA chanya, desmini chanya, h-kaldesmoni chanya, sawasawa na fibroidi ya mama wa Mtwapa. Wavuvi wote. Cha kuwatenganisha hakiko kwenye hizo rangi, kiko kwenye H&E. Watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichambua uvimbe 213 wa kizazi uliokuwa na utata, wakaandika 1994, na hadi leo kwa ule wa seli ndefu za kawaida madaktari watizama mambo matatu: seli zimeharibika sura kwa kiasi gani, ngapi zagawanyika, na kama kuna sehemu ya uvimbe iliyokufa ule ufu wa ghafla, mpaka wake mkali kama umekatwa na wembe. Mawili yakikutana, ugawanyikaji ukihesabiwa kuanzia 10 katika uwanja kumi wa lenzi kubwa, ni kansa. Zile za katikati zisizoamulika zina jina lake, STUMP, na mtu hufuatiliwa kwa miaka.

Tena leiomayosakoma ikichachamaa hupoteza vifaa vyake. Utapaka desmini hakuna, SMA chembe chembe. Au itawaka keratini, ambayo ni ya ngozi na tezi, mtu akafikiri ni kansa nyingine. Ndo mana hatupaki moja, twapaka kundi na lasomwa kundi.

Na kuna mahali hasi ndo habari nzito. Msichana wa miaka 20 na kitu, fibroidi nyingi kubwa, pengine vipele vigumu vinauma mkononi au mgongoni, na kwao kuna mtu alikufa na kansa ya figo. Daktari makini ataomba FH, fumareti haidretesi. Hii seli zote za kawaida zinayo. Ikiwa uvimbe hauna na mishipa ya damu kando yake inayo, kuna uwezekano wa ugonjwa wa kurithi unaoleta kansa kali ya figo, na ukoo mzima wafaa kushauriwa. Mwaona? Chanya yaweza kuwa heri na hasi ikawa onyo. Yategemea umeuliza protini gani.

Intern_Pwani:
Na kwa wagonjwa wa HIV? Nliona kesi moja uvimbe uko sehemu tatu kwa mpigo.

Mzee_Tudor:
Hiyo ipo, misuli laini inayoletwa na virusi vya EBV kwa watu ambao kinga imeshuka, watoto pia, na waliopandikizwa viungo. SMA na h-kaldesmoni zawaka, desmini mara ipo mara haipo. Ila cha kuithibitisha si protini, ni EBER, yatafuta RNA ya kirusi ndani ya kiini. Na kuwa sehemu tatu si lazima ziwe zimesambaa kutoka moja, mara nyingi kila mmoja umezaliwa kivyake.

KijanaLikoni:
Sasa dada, mtu wa kawaida afanye nini? Maana yote haya yafanyika ndani huko sisi hatuoni.

Bi_Slaidi:
La kwanza ndugu yangu ni chupa. Nyama ikitoka mwilini yaanza kuoza dakika hiyo hiyo, na kwa joto hili letu la Mombasa la Februari usiseme. Yatakiwa fomalini asilimia 10 yenye bafa, ujazo angalau mara kumi ya nyama, na kizazi kizima lazima kipasuliwe, manake fomalini hupenya karibu milimita moja kwa saa na kadiri yaingia ndani yazidi kuchelewa. Kukaa ndani ya fomalini masaa 6 mpaka 72 ndo mwongozo uliowekwa kwa kansa ya matiti, sisi twaufuata kwa nyama zote.

Mwaka jana tuliletewa kizazi ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia, kimebanwa, hakijapasuliwa, fomalini imefika nusu, kimekaa wikendi yote. Nje kigumu kizuri. Nlipokipasua katikati ni tope la rangi ya udongo, harufu ilinitoa machozi. Daktari alihitaji desmini kuamua. Nikapaka hiyo pamoja na SMA, hakuna. Akatizama kuta za mishipa ya damu mle mle ndani ya nyama, SMA yapasa kuwaka pale siku zote, ndo shahidi wetu wa ndani. Hazikuwaka. Yaani jibu si hasi, jibu ni kwamba hatuna jibu. Na kile kizazi hakirudi mwilini kitolewe tena. Yule dada ana miaka 41 na yuwaishi na swali, na mimi bado nakereka.

Kwa hiyo mgonjwa wenu akienda tieta, mtu mmoja wa familia abaki nje aulize sampuli imewekwa kwenye nini na yaenda maabara saa ngapi. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Ummu_Salim:
Dada mimi nlikuwa nasoma kimya. Nilitolewa uvimbe mwaka juzi ukutani mwa utumbo mwembamba. Ripoti yangu imeandikwa uvimbe wa misuli laini, SMA chanya. Basi, hakuna kingine. Sasa baada ya kusoma ya halati mikono yanitetemeka.

Bi_Slaidi:
Tulia mpenzi, kaa chini. Sikupi ugonjwa mimi na wala hakuna mtu wa humu awezaye. Inaweza kuwa kweli ni misuli laini na umepona zamani. Ila SMA peke yake kwenye utumbo haitoshi, hilo nasema bila kusita. Bloku yako huenda bado iko. Rudi pale ulipopimwa, uombe nambari ya maabara ya ile sampuli, yaanza na herufi halafu mwaka. Mwambie daktari wako wataka bloku ipakwe CD117, DOG1 na desmini. Nyama iliyo ndani ya nta hukaa miaka mingi, ya halati ilikaa kwenye katoni na ikajibu. Ukiambiwa haiko, usiondoke na neno la mdomo, waombe waangalie daftari.

Na usiende peke yako.

Mzee_Tudor:
Binti yangu, kama ni mitaa ya kisiwani humu ntakusindikiza mimi. Sina kazi asubuhi. Maneno ya wale watu wa stoo nayajua.

Ummu_Salim:
Ahsante baba. Allah awalipe nyote.

Ummu_Salim (baada ya siku mbili):
Nimerudi. Mzee alikuja na mkewe, tukaenda pamoja. Daftari lipo, bloku zipo, ni mbili. Nambari nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki na nyingine nimempa mume wangu. Daktari kaandika ombi la zile tatu na akaongeza S100 ya neva. Wamesema siku kumi. Bi Slaidi, nikipata karatasi ntakuletea hapo dirishani tuisome pamoja.

Bi_Slaidi:
Njoo asubuhi kabla ya saa nne, sijaingia mashineni. Ntaweka chai.